Tahadhari: Muuzaji wa "seti kamili ya mbio" kwa magari ya zamani

Wadau wa magari ya zamani, hasa mnaoandaa gari kwa ajili ya mbio za klabu msimu ujao: kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na kile anachokiita seti kamili ya mbio. Ndani yake kuna rolikeji (fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likibiringika), mikanda ya dereva, na ukitaka anakuongezea bloki ya injini. Msinunue. Vitu vyake ni vibovu, na ubovu wenyewe ni wa kuua mtu.

Jina lake siliandiki kwa sababu analibadilisha kila mara. Atakayelitafuta leo, kesho halikuti. Mtindo wake ndio haubadiliki, na ndio ninaotaka muujue.

Seti hiyo ilinunuliwa na kijana wa klabu yetu anayeandaa MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza la miaka ya sitini. Ilipofika tuliitandaza chini tuikague kabla ya kufunga hata bolti moja. Kwa macho, keji ilipendeza: rangi nyeusi nzito, na kibandiko chenye nembo ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) kwenye nguzo kuu, yaani bomba lililokunjwa linalopita nyuma ya dereva na juu ya kichwa chake. Lakini kibandiko kilikuwa nembo tupu. Hakikuwa na jina la mtengenezaji wala namba ya kuidhinishwa, na bomba zima halikuwa na tundu la ukaguzi. Kijana alipomuuliza, muuzaji akajibu kwamba kutoboa kunadhoofisha bomba na kunafuta garantii. Huo ni uongo. Tundu dogo la milimita 5 hivi, likitobolewa mahali pasipobeba mzigo mkubwa, ni jambo la kawaida kabisa, na wakaguzi wengi hulidai wenyewe ili wapime unene wa ukuta.

Tukatoboa. Kipenyo cha nje kilikuwa milimita 45 kama alivyotangaza, ila ukuta ulikuwa milimita 1.5. Kanuni za FIA kwa nguzo kuu zinataka 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2.0, tena chuma kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye nguvu ya kuhimili angalau niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Piga hesabu: mita moja ya bomba la 45 kwa 2.5 ina uzito wa kilo 2.6 hivi, la 45 kwa 1.5 ni kilo 1.6 hivi. Hicho chuma kilichopungua ndicho kilichotakiwa kuwa juu ya kichwa cha dereva. Ndiyo maana keji ilikuwa nyepesi kuinua, sifa ambayo tapeli mwenyewe alikuwa akiinadi.

Kisha tukamulika tochi ndani ya bomba kupitia mwisho wa chini. Mshono ulionekana waziwazi, mstari wa chuma kilichoyeyuka ukipanda mpaka kwenye mkunjo. Hilo ni bati lililokunjwa na kuchomelewa, bomba la kutengenezea mageti. Na pale kwenye mkunjo, ukishapitisha kidole na kuisahau ile rangi nzito, unahisi bomba limebonyea na kuwa na umbo la yai. Gari la wazi kama MGB likibiringika, uzito wa karibu tani nzima unakuja kutua hapo hapo.

Bati za miguuni nazo zilikuwa vipande vidogo vya bati laini. Kanuni hiyohiyo inataka bati la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120 kwa mguu wa nguzo kuu, bolti zisizopungua 3, kuanzia M8 (kipenyo cha milimita 8), za daraja la nguvu la 8.8. Bolti zilizoletwa hazikuwa na alama yoyote kichwani. Na kwa wenye MGB niongeze hili hata kama si la tapeli: gari hilo halina chesisi ya kujitegemea, mwili wenyewe ndio unaobeba kila kitu. Keji nzuri kuliko zote ikifungwa kwenye sakafu iliyoliwa na kutu na kupakwa puti, itachomoka na sakafu yake.

Mikanda ilitukasirisha zaidi. Lebo ilionyesha kwamba bado ina miaka kadhaa ya matumizi. Tukasogeza lile bizimu la kurekebishia urefu, na chini yake ukanda ulikuwa na rangi iliyokolea, huku sehemu nyingine yote imepauka. Maana yake mkanda umekaa juani muda mrefu sana, na jua hula nyuzi hizo na kuzinyang'anya nguvu hata kama kwa mkono bado zinaonekana ngumu. Kuzunguka lebo kulikuwa na matundu ya sindano yasiyo na uzi, kando ya mshono mpya wenye uzi wa rangi tofauti kidogo. Lebo ya zamani imeng'olewa, mpya ikashonwa. Mikanda ya kiwango cha FIA 8853 hupewa miaka 5 kisha basi, na iliyowahi kuingia kwenye ajali kubwa haitumiki tena hata ikiwa ya mwaka huu, kwa kuwa nyuzi zake zimekwisha kuvutika. Orodha za vifaa vilivyoidhinishwa zipo kwenye tovuti ya FIA, wazi kwa kila mtu. Namba iliyo kwenye lebo hii haikuwemo.

Bloki nayo, ya injini ya MGB, alisema ni ya beringi kuu tano, zile zinazoshikilia krenkshafti. Namba ya injini ilianza na 18GA, na hizo zina beringi kuu tatu. Za tano zilianza na 18GB, mwishoni mwa 1964.

Sasa namna anavyowaingiza watu mjini. Anajua magari, anaongea vizuri, anakutumia picha nyingi. Baadhi ya picha tulizitafuta tukazikuta kwenye matangazo ya zamani ya watu wengine. Ukiomba picha mpya ya kifaa kikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe, anaanza kukupigia hadithi. Kisha anakuharakisha: kuna mwenzako yuko njiani na pesa mkononi. Anataka malipo ya moja kwa moja, kama unamtumia rafiki, ili usiwe na njia ya kuzidai. Kijana wetu alipomrudia na vipimo, akafungiwa mawasiliano papo hapo.

Kwa hiyo, awe huyu au mwingine, kabla ya kulipa ombeni picha ya vernia (kifaa cha kupimia unene) ikiwa imeshika ukuta wa bomba kwenye ncha iliyokatwa, picha ya ndani ya bomba, na picha za lebo zote za mikanda pande zote mbili. Mwenye kipimo cha mawimbi ya sauti anaweza kupima unene bila kutoboa, ila azingatie unene wa rangi. Ikiwezekana mtumieni mkaguzi wa klabu yenu hizo picha mapema, kwa sababu kanuni za klabu zinatofautiana na yeye ndiye atakayelipitisha au kulikataa gari.

Aliyekwisha kununua asikimbie kwenye mbio na seti hiyo, hata za mazoezi. Hifadhini mazungumzo, risiti na picha, mripoti polisi na kwa waliopitisha malipo mapema iwezekanavyo. Keji msiiuze kwa mwingine ili kurudisha hasara. Ikateni vipande kesi ikishaisha. Mikanda nayo ikatwe kabisa, siyo kutupwa mizima, maana lebo za kushonea huyu mtu anazo.