Voodoo3 2000 ya PCI ndani ya Dell ya ofisini: hii kadi inastahili hela yake

Wakuu, kama una mashine ya Pentium III imekaa stoo na unawaza kuwapa wale jamaa wa chuma chakavu waipime kwa kilo, subiri kwanza usome hapa. Hii ni tathmini ya kadi ya grafiksi ya 3dfx Voodoo3 2000, lakini ile ya PCI, siyo ya AGP ambayo kila mtu anaikimbilia (hizo ni aina mbili za sloti za kuchomekea kadi, AGP ni ya grafiksi peke yake na ina spidi zaidi), na nimeifunga kwenye Dell OptiPlex GX110, aina ile ile ya mashine za mtumba zilizojaa maofisini, mashuleni na kwenye intaneti kafe zetu miaka ile. Nimeitumia muda wa kutosha sasa, kwenye joto la Dar na umeme wa kukatika katika, kwa hiyo nadhani naweza kuizungumzia.

Kwa nini PCI? Hizi mashine za ofisini nyingi zina chipseti (chipu kuu za madabodi zinazounganisha vifaa) ya Intel i810 ya 1999, na i810 ina grafiksi yake humo humo ndani, inakopa ramu ya mashine, halafu haina kabisa sloti ya AGP ya kuchomekea kadi nyingine. Siyo kwamba Dell walibana matumizi tu, chipseti yenyewe haitoi hiyo njia. Sasa mtu anasikia gemu za Windows 98 zinataka kadi ya AGP, anafungua boksi lake, haoni sloti, anakata tamaa hapo hapo au anaanza kusaka madabodi yenye chipseti ya Intel 440BX, yenye AGP, ambayo saivi bei yake imepaa. Wakati Voodoo3, hata ile ya AGP, haitumii ule uwezo wa AGP wa kuvuta tekcha za gemu (zile picha zinazobandikwa juu ya kuta na vitu) moja kwa moja kutoka kwenye ramu ya mashine, yenyewe inaitumia AGP kama PCI yenye spidi zaidi basi, tekcha zinazochorwa zinakaa kwenye MB 16 za kadi yenyewe. Ndo maana ukichukua ya PCI hupotezi kitu kikubwa, chipu ni ile ile, 143 MHz ile ile, na gemu ni zile zile. Kwangu mimi hii ndo hoja kubwa kuliko zote kuhusu hii kadi, kwamba inaifuata mashine uliyonayo badala ya kukulazimisha utafute mashine ambayo huku haipatikani.

Kwa wasiowajua hawa 3dfx, ni kampuni ya California iliyoanzishwa 1994, wakatoa Voodoo ya kwanza 1996 na kwa kweli wao ndo waliofanya gemu za 3D kwenye PC ya nyumbani ziwe kitu cha maana. Voodoo ya kwanza na Voodoo2 zilikuwa zinafanya 3D peke yake, bado ulihitaji kadi nyingine ya kawaida na waya wa kuziunganisha kwa nyuma. Voodoo3 ya 1999 inafanya yote mawili kwenye kadi moja. Walikuwa wameinunua kampuni ya STB iliyokuwa inatengeneza kadi, wakaanza kuziuza wenyewe badala ya kuwapa chipu watengenezaji wengine, na kufika Desemba 2000 walikuwa wameshashindwa, mali zao zikaenda kwa Nvidia. Mimi inaniuma mpaka leo, maana walikuwa na lugha yao ya kuongea na kadi inaitwa Glide, na gemu iliyoandikwa kwa Glide ikikutana na kadi yao inateleza kwa namna ambayo Direct3D, lugha ya Microsoft ya kazi hiyo hiyo, ya wakati ule ilikuwa haijafikia.

Haya, ufungaji. Kadi yangu ililetwa na ndugu yangu anayeishi Ujerumani, ikaja kwenye begi imefungwa kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kadi fupi tu, hitisinki (chuma cha kupozea) nyeusi katikati iliyogandishwa kwa gundi juu ya chipu, haina feni. Miguu ya dhahabu ilikuwa na ukungu ukungu, nikaifuta taratibu na ufutio wa penseli halafu nikapitisha spiriti, ikang'aa. Kwa watu wa pwani hili msilipuuze, chumvi ya hewa inakula sana hizo sehemu, na sloti za PCI kwenye mashine iliyokaa miaka bila kazi zinajaa vumbi lililoshikana na unyevu, unakuta kadi haionekani kabisa na mtu anaamua imekufa kumbe ni uchafu. Piga brashi kavu ndani ya sloti kabla hujachomeka kitu chochote.

Halafu kuna mambo mawili ya umeme ambayo naomba myashike. La kwanza, geuza mashine uangalie nyuma kwenye pawa saplai, nyingi zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imekaa kwenye 115 na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inalipuka hapo hapo, na unaweza kuondoka na madabodi pia. La pili ni la Dell wenyewe, Dell nyingi za kuanzia 1998 hivi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina plagi ya madabodi yenye umbo lile lile la ATX lakini waya zimepangwa tofauti, 3.3V zimehamishiwa kwenye plagi ndogo ya pembeni ya waya 6. Inaingia vizuri kabisa, hakuna kinachokuzuia, ila ukifunga pawa saplai ya kawaida ya dukani pale unachoma bodi. Mafundi wengi wa mtaani hili hawalijui na siyo kosa lao kwa sababu haijaandikwa popote kwenye mashine. Kama pawa saplai yako imechoka tafuta ya Dell ya model ile ile, au nunua adapta iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Ukishamaliza hayo, kadi yenyewe haina usumbufu. Unaingia kwenye bayosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) unahakikisha sehemu ya video ya kwanza iko Auto na siyo ya ndani, unahamisha waya wa monita kwenye kadi, unawasha. Kwenye Windows 98 SE, draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya mwisho rasmi ya 3dfx ni 1.07.00 na ipo mtandaoni kirahisi, ukimaliza unawasha upya na umekamilisha. Kuna draiva za mashabiki zilizotengenezwa baada ya kampuni kufa, ni nzuri, ila kwa gemu za 1998 mpaka 2000 hii rasmi inatosha na ndo iliyotulia kuliko zote nilizoweka.

Sasa joto. Hapa ndo pa kuwa makini. Hitisinki bila feni ilikuwa sawa kwa chumba cha San Jose kule California, siyo kwa chumba cha Temeke mwezi wa pili. Nilicheza nusu saa hivi nikafungua mfuniko nikagusa ile hitisinki, kidole hakikai, ni ya moto kama pasi. Ilikuwa bado haijaanza kuonyesha madoa madoa kwenye skrini lakini chipu ya umri huu siwezi kuiacha iive hivyo. Nikachukua feni ya milimita 80 kutoka kwenye pawa saplai iliyokufa, nikaifunga na kamba za plastiki kwenye fremu ikiielekea kadi, nikaiunga kwenye 5V badala ya 12V ili izunguke polepole isipige kelele. Baada ya hapo unaweza kucheza mchana kutwa na hitisinki unaishika bila shida. Mtu asikuambie ung'oe ile hitisinki uweke nyingine, gundi ya kiwandani ni ngumu na ukiipinda vibaya unaweza kuivunja chipu, na hizi hazitengenezwi tena.

Kwenye gemu ndo utaelewa kwa nini nahangaika. Unreal Tournament ya 1999 kwa Glide kwenye 800 kwa 600, na Pentium III ya 733 MHz, inatembea laini sana hata kwenye mechi zenye roboti wengi wanafyatuliana chumba kimoja, taa za rangi ukutani zinameremeta, ukungu unaonekana ukungu kweli. Hiyo hiyo kwa grafiksi ya ndani ya i810 ilikuwa inakwama kwama unageuka unasubiri picha ikufuate. Diablo II unapoenda kwenye mipangilio ya video ukachagua Glide, mwanga wa tochi unavyotandaa sakafuni ni tofauti kabisa, na ukiwasha ile pespektivu kuta na nguzo zinasogea kwa kina unapotembea. Need for Speed III na ile ya Porsche zote zina Glide na zote ziko vizuri, hasa usiku taa za gari zikipiga kwenye lami. Na FIFA 98, Road to World Cup, ile yenye mataifa 172, unaweza kuichukua Harambee Stars ya Kenya ukaanza mchujo wa Afrika ukipambana kwenda Ufaransa, hii tunaicheza wawili kwenye kibodi moja na kaka yangu na hakuna anayekubali kuamka.

Picha yenyewe niiseme kidogo maana watu wanaisema vibaya bila kuiona. Ni kweli Voodoo3 kwenye 3D inachora kwa rangi za biti 16 tu, wakati washindani wake wa wakati ule walishakuwa na biti 32. Ila 3dfx waliweka kichujio mwishoni kabisa, picha inapotoka kwenda kwenye monita, kinalainisha zile nukta nukta mpaka inakaribia biti 22 kwa walivyokuwa wanaihesabu wao. Na kwa sababu kinafanya kazi pale mwisho, ukipiga picha ya skrini hakionekani kabisa, ndo maana picha za kwenye intaneti zinaionyesha mbaya kuliko ilivyo. Ikae mbele yako kwenye monita ya kioo cha zamani ya inchi 17, halafu ndo uongee. Hata maandishi ya Windows yako makali, hayana ule ukungu wa kadi za bei rahisi.

Udhaifu upo na nausema wazi. Tekcha mwisho wake 256 kwa 256, kwa hiyo gemu za baada ya 2000 zinaanza kuonekana zimefifia. Quake III inacheza lakini ile siyo nyumbani kwake. Na swali ninaloulizwa kuliko yote, je Vice City? Hapana. Vice City inataka kadi ya MB 32 kwenda juu, hii ina 16, na San Andreas ndo usiiwaze kabisa. Kama shida yako ni hizo mbili basi tafuta Radeon au GeForce za PCI za baadaye, zitakupa rangi biti 32 na memori zaidi, ila Glide hazina na gemu nilizozitaja hapo juu zitashuka hadhi. Kitu kingine, PCI nzima inagawana njia moja ya 133 MB kwa sekunde, kwa hiyo ukijaza kadi ya sauti, ya mtandao na mengineyo yote yakifanya kazi kwa pamoja unaweza kuona vikwazo vidogo vidogo. Mimi nimebakisha kadi ya sauti peke yake.

Wapo watakaosema mbona kuna nGlide, programu inayoigiza Glide kwenye kadi za leo, unacheza hizo gemu kwenye laptop ya leo bila kununua chochote. Ni kweli, na kwa mtu anayetaka kucheza tu mwambieni aende huko, inafanya kazi vizuri. Lakini kukaa mbele ya mashine yenyewe, unasikia hadi diski inavyokwaruza, nembo ya 3dfx inazunguka kabla gemu haijafunguka, bila programu yoyote ya kati inayoigiza, hiyo raha laptop haikupi. Mimi naipa kadi hii tisa kwa kumi kwa mwenye mashine ya i810, na saba kwa mwenye sloti ya AGP kwa sababu huyo Voodoo3 3000 ya 166 MHz itamfaa zaidi.

Kwenye kununua, mwambie muuzaji akupigie picha ya upande wa mbele na wa nyuma kwenye mwanga wa kutosha, uangalie vikapasita vidogo karibu na ukingo wa kadi maana hivyo ndo vinang'oka kadi zikirushwa kwenye ndoo pamoja, na uhakikishe ule mkato wa miguu ni wa PCI kweli kwa sababu jina la Voodoo3 2000 lipo kwenye aina zote mbili na wengine wanaandika tu bila kuangalia. Omba pia picha ya monita iliyopigwa kwa kamera ikiwa kwenye gemu ya 3D, siyo kwenye desktopu peke yake. Kadi inaweza kuonyesha Windows vizuri kabisa halafu ikaanza kurusha mistari ukifungua Unreal. Na msafirishaji asiikunje kwenye nguo, iwe kwenye mfuko wake halafu kwenye boksi gumu, hata kama inakuja kwa mkono wa ndugu.