Coaster ya mzee wa Moshi: gari la kwenda ugenini hadi Kampala

Kila droo ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ikipangwa, simu yangu haipoi. Wa tawi letu la mashabiki wa Simba na wasio wa tawi wanauliza neno moja: mama, safari hii tunaenda na gari gani? Jibu langu ni lile lile tangu Februari 2023, tulipoifuata Simba Kampala kucheza na Vipers ya Uganda. Hapa Moshi kuna mzee ana Coaster anayoikodisha kwa misiba, harusi na mechi. Ofisi hana, asubuhi yupo maeneo ya stendi kuu, uliza wapiga debe watakuonyesha. Kwa safari ya kuvuka mpaka sijaona wa kumfikia. Nitaeleza kwa nini, na yanayonikera kwenye gari lake nitayasema pia.

Gari la ugenini mimi nalipima mpakani. Viti laini na muziki mzuri ni vya safari ya harusini. Kutoka Moshi hadi Kampala ni kilomita kama 1,000, unavuka Namanga kuingia Kenya, unavuka tena Malaba kuingia Uganda, na refa hakungoji hata dakika. Niliwahi kusafiri na gari la watu wengine, jina siliandiki, tukielekea Nairobi. Tumefika Namanga ndipo dereva anaambiwa bima yake haivuki mpaka. Tukakaa pale jua likituchoma, tumevaa jezi, watu wanatupita. Kipindi cha kwanza nilikisikilizia kwenye redio ya duka la vocha. Nililipa nauli kamili, na nikafika uwanjani watu wanatoka. Sitaki mtu mwingine apitie hayo.

Mzee huyu ana faili la plastiki la bluu, lile la kubana kwa kifungo. Nimelishika mwenyewe. Ndani kuna kadi ya gari, bima ya COMESA, ile inayovuka mpaka, kibali cha safari, leseni za madereva wawili, na orodha ya abiria iliyopigwa chapa, nakala kadhaa: jina, namba ya pasi, namba ya kiti. Anakusanya nakala za pasi zetu mapema kabla ya safari na anazipitia moja moja kwa miwani yake. Ukimpelekea kitambulisho cha NIDA anakurudisha palepale. Wapo wanaodhani NIDA inatosha kwa sababu wamesikia Wakenya na Waganda wanavuka kwa vitambulisho. Mtanzania anatakiwa pasi, au hati ya dharura ya safari ambayo unaipata Uhamiaji. Na kadi ya homa ya manjano anataka aione kwa macho yake, hataki kuambiwa "ninayo nyumbani".

Kwa hiyo Namanga hatukukaa. Siku hizi pale ni kituo kimoja, unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya ndani ya jengo lile lile, upande wa Kenya. Deiwaka, yaani msaidizi wa dereva, alitupanga mstari kwa kufuata orodha, kiti namba moja mbele. Ofisa wa Kenya akaangalia jezi zetu nyekundu, akatabasamu: "Nyinyi ni wa Simba? Mnaenda kuongezwa zingine?" Dereva wetu, tunayemwita Mangi, akamjibu, "Mkuu, gonga tu muhuri, matokeo tutakuletea Jumapili." Chai ilikuwa bado ya moto kwenye chupa tuliporudi ndani ya gari.

Yule ofisa hakukosea kututania. Tulikuwa tumefungwa 1-0 na Horoya kule Conakry, kisha tarehe 18 Februari Raja Casablanca wakaja kwa Mkapa, uwanja wetu wa nyumbani Dar, wakatupiga 3-0. Mechi mbili za makundi ya Ligi ya Mabingwa, pointi hatuna, bao hatuna. Wiki ile tawini palikuwa kama matanga. Baadhi ya waliokwisha kulipa wakajitoa, na hapa ndipo nilipomheshimu mzee zaidi. Waliojitoa kabla hajapeleka orodha ya abiria aliwarudishia hela yote. Waliojitoa baadaye aliwarudishia nusu, akawaeleza kwa utaratibu bima na vibali vimekula kiasi gani. Hakupandisha nauli ya sisi tuliobaki ili kuziba pengo. Akasubiri, wenzetu wa Arusha wakajaza viti.

Nauli ilikuwa shilingi 150,000 kwenda na kurudi, chakula juu yako, tiketi ya uwanjani juu yako. Kwa umbali ule ni bei ya haki.

Tuliondoka Ijumaa saa 10 alfajiri. Arusha tukawachukua wenzetu, Longido tumefika jua linachomoza, Nairobi mchana. Kutoka Nairobi mwendo unabadilika, unapanda Naivasha, Nakuru, halafu unaingia nyanda za juu kuelekea Eldoret. Beba sweta zito na shuka. Sisi wa Moshi tunajifanya tunaijua baridi kwa sababu ya mlima, lakini Timboroa usiku ni habari nyingine, na Coaster haina kipasha joto.

Sasa niseme jambo ambalo wanaume hawaliandiki wanaposifia safari za ugenini, nalo ni kuchimba dawa. Magari mengi ya mashabiki yanasimama porini, wanaume wanashuka upande mmoja, wanawake tunaambiwa tujisitiri nyuma ya kichaka. Nina miaka hamsini na ushee, sina umri wa kukimbizana na vichaka vya nchi za watu. Mangi anasimama kwenye vituo vya mafuta, vituo anavyovijua, na anatangaza mapema: "Kina mama, baada ya nusu saa tunasimama." Akisimama, wanawake wanashuka kwanza. Gari haliondoki mpaka deiwaka amehesabu vichwa. Katika msafara ule tulikuwa wanawake wachache, mmoja ana mtoto mgongoni, na hakuna aliyepata adha. Kwa hili peke yake ningemlipa tena.

Pombe ndani ya gari hairuhusiwi. Vijana walilalamika, wakanyamaza. Ngoma na vuvuzela ruksa mpaka saa 3 usiku, baada ya hapo anazima taa na anataka kimya ili dereva wa pili alale. Naunga mkono kwa asilimia mia. Waliokufa barabarani wakifuata mpira hawarudi kwa ubingwa.

Malaba tulifika usiku, na foleni ya malori ilianza mbali kabla hujaona jengo. Dereva mgeni angejipanga nyuma ya malori akalala hapo. Mangi anajua kwamba magari ya abiria yana njia yake, akapita pembeni taratibu, akashuka na faili la bluu. Mihuri ikagongwa, tukaendelea. Alfajiri tukavuka Nile pale Jinja, kwenye lile daraja la nyaya lililofunguliwa 2018. Akatuambia simu zote chini, pale hawataki picha, na watu wakatii. Tukabaki tunaangalia kwa macho tu, maji mapana, ukungu umelala juu yake, na mzee mmoja wa Arusha akavua kofia yake ya Simba.

Kabla ya Kampala anasimama Namawojjolo. Hapo usishuke, fungua dirisha tu. Wauzaji wanakuja mbio wamevaa makoti, mkononi wameshika vijiti vya kuku wa kuchoma na vifurushi vya gonja, zile ndizi za kuchoma tamu. Wanainua mpaka usawa wa pua yako. Gonja ile ya moto, na chumvi kidogo tuliyotoka nayo nyumbani, ndicho chakula bora cha safari nzima, na nasema hivyo mimi niliyelelewa kwa mtori.

Kampala tulioga kwenye nyumba ya wageni ambayo mzee alikuwa amepatana nayo bei mapema, vyumba vya kubadilisha nguo na kupumzika saa chache. Usafi wa kawaida, maji yapo. Kisha tukashika barabara ya Entebbe, tukaipita Kajjansi, mpaka Kitende. Uwanja wa Vipers, St. Mary's, umekaa pamoja na shule yao, nyasi zake ni za bandia. Mangi aliegesha gari limegeuzwa kuelekea barabarani, akatuonyesha mti wa kukutania mechi ikiisha. Dogo hilo, lakini ukishatoka uwanjani usiku nchi ya watu, mtandao haushiki, unashukuru kuwa na mti.

Mechi mnaijua. Kocha wetu Robertinho alikuwa ametokea hapo hapo Vipers, Januari tu ndipo alipokuja Msimbazi, kwetu Simba, kwa hiyo wenyeji walikuwa na hasira zao. Henock Inonga akafunga. 1-0. Sisi kikundi kidogo cha wekundu kwenye kona yetu tuliimba mpaka sauti zikakatika, na dakika za mwisho sikuwa naangalia mpira, nilikuwa naangalia saa ya jirani yangu huku nimemshika mkono bila kumjua jina. Machi tukawafunga tena kwa Mkapa, Horoya tukawapiga 7-0, tukaingia robo fainali. Lakini pointi za kwanza zilipatikana Kitende, na mimi nilikuwepo, kwa sababu gari lilifika.

Kasoro sasa. Viti vya katikati, vile vya kukunja, havifai kwa safari ya zaidi ya kilomita 300. Aliyekaa hapo mgongo unamuuma na kila anayetaka kushuka lazima amwinue. Mzee anavijaza kwa sababu ya hela, na kwa mipaka miwili naona anakosea. Sehemu ya kuchajia simu ni moja, mbele kwa dereva, na mnagombania. Mlango wa pembeni unapitisha upepo, ukikaa karibu nao Eldoret utaijua. Na kurudi Jumapili tulichoka sana. Angeweka saa chache za kulala Nakuru hata kama bei ingeongezeka kidogo.

Mashabiki wa kampuni kubwa za mabasi watasema basi la ratiba lina viti bora, na ni kweli. Kama unasafiri peke yako kwenda kumsalimia ndugu Nairobi, panda basi. Kwa mechi, basi la ratiba linakushusha stendi saa yake na kuondoka saa yake, mpira uwe umeisha au haujaisha, na wewe uanze kutafuta usafiri wa kwenda uwanjani na mkoba mgongoni.

Naandika haya sasa kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na Arusha tuna uwanja wetu Olmoti. Taifa Stars wakipangwa mchezo wowote nje ya hapa, watu wa Kilimanjaro na Arusha watatafuta magari kwa pupa, na watajitokeza wenye magari wasio na faili. Ukienda kupatana na mtu, kabla ya kuuliza bei mwambie akuonyeshe bima ya COMESA na leseni ya dereva wa pili. Asipokuwa nazo mkononi, aga uondoke.

Mzee wetu nimeshamwomba aving'oe vile viti vya kukunja. Amekubali kwa safari za Kampala, za Nairobi amekataa. Basi za Nairobi nitakuwa nawahi kulipa, nipate kiti cha dirishani upande wa kushoto, maana jua la asubuhi kutoka Arusha hadi Namanga linapiga kulia.