Nakala ya Shalom wa Safed: wameigeuza, kisha wakanijibu ovyo

Jamani, nimechukia. Niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni nakala ya Safina ya Nuhu ya Shalom Moskovitz, yule mzee fundi saa wa Safed, kule Galilaya, aliyeanza kuchora uzeeni miaka ya 1950 bila kufundishwa na mtu. Nampenda sana mzee huyu. Hahangaiki na vivuli wala umbali. Anapanga Maandiko safu juu ya safu, watu na wanyama wamejipanga mistari, na maneno ya Kiebrania yanakueleza ni nani na nini kinatokea. Macho yanatoka kulia kwenda kushoto, kama mtu asomaye Torati.

Nafungua kifurushi, picha imechapwa kinyume! Maandishi yote yamegeuka kama unayaona kwenye kioo. Nilisoma Kiebrania chuo cha theolojia, kwa hiyo alefu ya kwanza tu, ile herufi inayoanza alfabeti yao, ilinitosha.

Haki yao niwape: rangi zimetoka safi, karatasi nzito, na mzigo uliwahi. Moyoni nilikuwa nimeshawapa nyota tatu. Asiyeijua picha angeitundika sebuleni na kufurahi, na pengine ningewasamehe.

Nikawaandikia kwa adabu kabisa. Dada wa huduma kwa wateja akajibu: "Mchungaji, si michoro ya kitoto tu hiyo? Nani atajua?"

Ya kitoto! Mtu aliyeishi kwa kushika vigurudumu vya saa kwa koleo, kimoja kikikaa vibaya saa nzima inasimama, leo umwambie anachora ovyo? Kutosomea uchoraji si kutojua unachofanya. Tena huyu ni Myahudi wa malezi ya Kihasidi, wale Wayahudi washika dini sana. Kwao gombo la Torati likikosewa hata herufi moja, halisomwi ibadani hadi lisahihishwe. Nyie mmegeuza zote, halafu mnaniuliza nani atajua?

Zile nyota tatu nimezifuta. Nimedai wachape upya au warudishe hela yangu. Tiki mbili za buluu, kimya mpaka leo. Ukiona bado lazima ununue kwao, wadai kwanza wapige picha nakala yenyewe utakayotumiwa, siyo ile ya tangazo, umwonyeshe mtu anayesoma Kiebrania kabla hujalipa hata shilingi.