Ziara ya Ndola: mahali alipofia Dag Hammarskjöld panastahili maelezo kamili

Tulikuwa wanne kutoka Dar es Salaam. Tulishuka treni ya TAZARA Kapiri Mposhi, tukapanda basi hadi Ndola, nchini Zambia, na hapo tukaikodi kampuni moja ya watalii itufikishe kwenye eneo la kumbukumbu ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, alipokuwa njiani kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, ili kusimamisha vita vya huko. Kuhusu usafiri sina lalamiko: dereva alifika kwa wakati, gari lilikuwa safi, na hakuna aliyetuharakisha tulipokaa kimya kwenye rundo la mawe la ukumbusho.

Kasoro iko kwenye maelezo, nayo ni kubwa. Kipeperushi tulichopewa kinasema kwa sentensi moja kwamba rubani alikosea akashuka chini mno, kana kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa. Huo ni uamuzi wa mwaka 1962 wa tume ya Rhodesia, serikali ya kikoloni iliyotawala eneo hilo wakati huo. Tume ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa ripoti yake mwaka huohuo, haikuthibitisha chanzo chochote, wala haikuondoa uwezekano wa hujuma au shambulio.

Nilipomuuliza mwongozaji wetu kuhusu wachoma mkaa, alijibu kwa unyoofu kwamba hajawahi kuwasikia, na jibu hilo liliniuma. Hao ni Waafrika waliokuwa msituni usiku ule, na baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani, lakini tume ya Rhodesia haikuupa ushahidi wao uzito. Mlinzi Harold Julien, aliyekutwa hai peke yake kati ya watu 16, alizungumzia mlipuko na cheche angani kabla hajafariki siku chache baadaye, naye akahesabiwa kuwa anaweweseka. Tena mabaki yaliripotiwa kuonekana baada ya saa zipatazo 15, ingawa yalikuwa umbali wa kilomita 15 hivi kutoka uwanja wa ndege, ambao marubani walikwisha kuarifu kwamba wanaziona taa zake. Ukisimama pale mchana, ukautazama ukaribu huo, swali la kwa nini majeruhi aliachwa juani muda wote huo linakuwa gumu kulikwepa.

Sisemi kwamba Hammarskjöld aliuawa, kwa kuwa hilo halijathibitishwa. Lakini Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuupitia upya ushahidi, aliandika mwaka 2017 kwamba kuna uwezekano wa kuaminika kuwa shambulio au tishio kutoka nje ya ndege lilikuwa chanzo cha ajali hiyo, na amezihimiza mara kwa mara nchi zinazoshikilia kumbukumbu za kijasusi zizitoe. Kwa sisi Watanzania wanne, kulipia ziara isiyotaja kazi hiyo hata kwa mstari mmoja kulikuwa kama kusomewa hukumu ya zamani huku rufaa ikiwa bado inasikilizwa.

Usafiri naupa alama nne kati ya tano, maelezo mbili. Mwongozaji aliandika jina la Jaji Othman kwenye daftari lake, akaniomba nimtamkie tena taratibu, na kabla hatujaagana akauliza ripoti hiyo inapatikana wapi.