Nimewapeleka wanafunzi wangu mikokoni Gazi mara mbili: uzoefu wangu

Swali lililonifanya niandike haya liliulizwa na mwanafunzi wangu wa Gredi ya 6 tukiwa katikati ya daraja la mbao, chini yetu tope tupu na kaa wakikimbilia mashimoni. "Kwani mkiikata hii mikoko mkauza boriti, si mtapata pesa?" Mama aliyekuwa akitutembeza hakumkaripia. Alicheka, akamwambia kwamba wao wenyewe wameikata sana, na nyumba aliyolelewa yeye ilijengwa kwa miti ya pale pale. Kisha akaanza kuwahesabia watoto ukubwa wa miti kwa vidole: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Watoto wangu ni wa Likoni, wamekulia chini ya mapaa yenye boriti hizo, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kujua zinatoka kwenye mti wa aina gani.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kabla hujafika Msambweni. Daraja hilo la kutembelea mikokoni ni la kikundi cha akina mama wa kijijini. Wao ndio wanaopokea wageni, wanaoeleza na wanaopika. Karibu nao kuna kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, ambayo watafiti wake akina Dkt. James Kairo wamekuwa wakipanda na kupima mikoko ya ghuba hii tangu miaka ya 1990. Ghuba ina zaidi ya hekta 600 za mikoko.

Safari yetu ya kwanza haikwenda vizuri. Aliyetukodisha basi alinihakikishia kwamba saa yoyote inafaa, nami nikamwamini bila kuuliza watu wa bahari. Tulifika saa nne asubuhi siku za maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, tukakuta maji yamejaa mashinani. Watoto waliona majani na maji tu. Safari ya pili nilihesabu mwezi. Nilichagua siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kwa wingi zaidi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa sababu bamvua ya pwani yetu maji hukupwa saa nne au saa tano mchana, wakati hasa ambao watoto wa shule wanaweza kuwa wamefika. Tofauti ilikuwa kama kutembelea mahali pengine kabisa. Mwalimu mwenzangu, ukisoma hapa tu ukaacha mengine, shika hili la maji.

Maji yakiwa yametoka, mafunzo yanajieleza. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Mchu, aina nyingine ya mikoko, umechomoza mizizi yake juu ya tope kama penseli elfu moja, maana tope lile halina hewa na mzizi lazima upumue nje. Mama yetu alichuma jani la mchu akawaambia walambe. Darasa zima lililamba majani! Ni chumvi tupu: mti hunywa maji ya bahari kisha ukaitoa chumvi kupitia majani. Nimefundisha sayansi miaka mingi kwa picha za vitabuni, na sijawahi kuona somo likiingia kwa haraka namna ile. Akawaonyesha pia mbegu ya mkoko, ndefu na nyembamba kama tunda la mlonge, ambayo huota ikiwa bado inaning'inia mtini, ikianguka huchoma tope na kuanza maisha. Aina nyingine za mikoko, mlilana, mkandaa, muia na mkomafi, tulizitazama pia. Niliandaa karatasi ya majina na kila mtoto alitia alama kwa mti aliougusa kwa mkono wake.

Lakini nirudi kwa lile swali la boriti, maana ndipo Gazi inapotofautiana na bustani nyingine nilizozuru. Miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa wingi kulisha matanuri ya viwanda, na sehemu zikabaki vipara. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda na kupanda hekta 117, na hewa ya ukaa inayofungwa na miti ile, hasa ndani ya tope lake, inapimwa na kuuzwa kwa watu na mashirika ya ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao. Wanakijiji huamua kwenye baraza pesa zifanye nini. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na kwa kuwa watu bado wanahitaji kuni na miti ya kujengea, wamepanda mivinje nchi kavu ili mtu asilazimike kuingia mikokoni na panga.

Mtoto aliyeuliza alinyamaza kidogo, halafu akataka kujua kama vitabu vya shule ya Gazi vimenunuliwa na mti uliosimama. Ndiyo, akajibiwa, uliosimama. Aliliandika hilo kwenye daftari bila mimi kumwambia.

Tulipanda miche pia, kila mtoto mmoja. Nilipenda kwamba waliambiwa ukweli: upande unaopigwa na mawimbi miche mingi hufa, na kazi kubwa ni kurudi kuitazama. Wanafunzi wangu wameshanisumbua kuhusu kurudi.

Malapa yaacheni nyumbani, tope huyameza. Raba kuukuu zinafaa. Beba maji ya kunywa na kofia. Kutoka feri ya Likoni unapanda matatu ya Msambweni au Lunga Lunga, unashuka njia panda ya Gazi, na bodaboda humalizia. Kwa kundi la watoto, basi la kukodi ni afadhali.

Chakula tulikula mkekani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha na kachumbari, juisi ya ukwaju. Watoto waliomba ukoko mpaka sufuria ikang'aa. Usiende bila kuwaarifu akina mama mapema mko wangapi, maana samaki hununuliwa asubuhi ile ile, ngalawa zikiingia.