Supachaja ya kiwandani au turbo ya fundi? Uliza kwanza oili inarudije

Mwezi uliopita nimeuza pikipiki yangu, Suzuki Hayabusa ya cc 1340, nyekundu, iliyofungwa turbo. Ikipita Njiro, hapa Arusha, watoto walikuwa wanakimbilia getini. Nilikuwa nayo miezi saba, na minne kati ya hiyo ilishinda kwa fundi. Kwa hiyo mnaponiuliza, "Dada, ninunue Kawasaki yenye supachaja au nichukue pikipiki kubwa nikaifunge turbo?", jibu langu lina kinyongo ndani (kwa asiyejua, zote mbili ni feni za kuisukumia injini hewa ya ziada). Lipokeeni hivyo hivyo.

Nguvu za farasi sitazizungumzia. Zote zinazo za kumwaga, na Arusha mpaka Moshi ni kilomita 80 hivi za matuta na vibao vya 50. Nitasema tu kwamba sisi wa huku juu tuna haki ya kupenda injini inayosukumiwa hewa: tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga, na injini ya kawaida inalisikia hilo.

Kinachoniuma ni oili. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzozi, inakaa penye moto mkali, na beringi zake zinaishi kwa oili inayosukumwa kutoka kwenye injini. Kwenda haina shida. Mgogoro uko kwenye kurudi: ikitoka pale haina presha tena, imejaa povu, inateremka kwa uzito wake tu. Kwenye gari turbo mara nyingi iko juu ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, basi inateremka. Kwenye pikipiki nafasi ni finyu, turbo nyingi zinabanwa chini, usawa wa sampu au chini zaidi. Hapo lazima iwepo pampu ndogo ya kuivuta oili irudi nyumbani. Yangu haikuwa nayo. Oili ikajaa, ikapenya kwenye sili, ikamwagikia ekzozi. Nikatoa moshi wa bluu kuanzia Usa River mpaka Kikatiti, magari ya nyuma yananipigia honi. Nilipompigia aliyeniuzia akaniambia, "Dada yangu, turbo zote zinatoa moshi kidogo, ndiyo raha yake."

Ndiyo raha yake!

Halafu kuna kuzima. Turbo iliyotoka kufanya kazi ngumu inataka uiache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kwanza. Ukizima ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kugeuka masizi magumu. Sasa umekuja mbio kutoka Makuyuni, unasimamishwa njiani: "Zima, shuka, lete leseni." Utamweleza nani habari za beringi?

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Kawasaki Z H2, na sijifichi, mimi ni mtu wa kijani, rangi ya Kawasaki. Supachaja yake inazungushwa kwa gia kutoka kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, haiendeshwi na ekzozi, na oili ni ile ile moja ya injini, giaboksi na supachaja. Njia ya kurudi ilichorwa na walewale waliochora injini. Unakaa wima, tuta unaliona mapema, tanki ni lita 19. Ina kilo 239, kwa hiyo jifunze kuisukuma kabla hujajifunza kuikimbiza.

Ya pili ni H2 SX, nayo Kawasaki ya supachaja, kama unasafiri na mtu nyuma na mabegi. Ni nzito zaidi, na yale maplastiki yake ukiangusha utalia. Ya tatu ni Ninja H2 yenyewe, iliyotoka 2015: feni ya supachaja inafika karibu mizunguko 130,000 kwa dakika, lakini umeinama kama unatafuta shilingi chini, na tanki ni lita 17. Dalali anayekuuzia ndugu yake, H2R, akasema "tutaisajili tu", mkimbie. Ile ni ya uwanja wa mashindano.

Turbo ya kufungiwa ni ya nne. Ukiikomalia, uliza pampu, kisha uliza pistoni. Hayabusa tangu 2008 inabana hewa 12.5 kwa 1, yaani pistoni inaibana mpaka ipungue mara 12.5. Ninja H2 Kawasaki waliishusha mpaka 8.5 kwa 1 kwa sababu walijua hewa ya ziada inakuja. Anayejisifu kwamba amefunga turbo "bila kugusa ndani" anakuuzia injini itakayogonga, mafuta yakiwaka kabla ya wakati, siku utakapoiongezea presha. Na kumbuka Honda, Yamaha, Suzuki na hao hao Kawasaki walitoa pikipiki za turbo kati ya 1982 na 1984, kisha wote wakaacha.

Bajeti ndogo? Hayabusa isiyo na turbo. Inatosha.

Wauzaji nao wamenichosha. Picha kumi za rimu, hakuna hata moja ya chini ya injini. Bei, "njoo inboksi". Ukifika inboksi ni dola, ukiuliza shilingi anakujibu kana kwamba umemtukana.

Aliyenunua yangu nilimlaza chini, nikamwonyesha pampu niliyoifunga na bomba la kurudishia oili, kabla hajatoa hata senti. Akaniangalia kwa mashaka, akamnong'oneza mwenzake kwamba nina mteja mwingine, ndiyo maana namtisha.