Matembezi ya vyura usiku Amani, nawapa nyota nne

Jamani juzi nilipanda msitu wa Amani kule juu Muheza na hawa vijana wanaotembeza wageni usiku kuangalia vyura, wengi mmeniuliza kama hela yao ni halali, mimi nasema ni halali kabisa.

Kilichonikosha ni gambuti. Kabla hatujashuka bwawani kiongozi katoa beseni, brashi na maji ya jiki, kila mtu asugue tope kwenye soli liishe ndo achovye. Nikamuuliza, kaka si tunaenda kukanyaga tope tena? Akaniambia, "Dada, tope la bwawa lingine ndo linaleta ugonjwa."

Kumbe kuna fangasi wa vyura, mbegu zake zinaogelea kwenye maji na zinasafiri na tope bichi, anashika ngozi, na chura maji anayanywa kwa ngozi jamani, sasa ngozi ikiharibika chumvi za mwilini zinavurugika mpaka moyo unasimama. Bado kuna kirusi kinaitwa ranavirus, hicho kinamaliza viluwiluwi, wanavimba na kuvilia damu, na chura mmoja anaweza kubeba magonjwa yote mawili.

Akatukumbusha vyura wa Kihansi, wale wa maporomoko kule milima ya Udzungwa. Maji ya maporomoko yalipungua sababu ya bwawa la umeme, 2003 wakapukutika na fangasi huyohuyo akakutwa, 2009 wakatangazwa hawapo tena porini, waliosalia ni wale waliokuwa wanafugwa Marekani ndo 2012 wakaanza kurudishwa. Alivyokuwa anasimulia ungedhani anaongelea msiba wa kwao, sote tukanyamaza.

Halafu akamulika jani, kachura kadogo kametulia, koo linapwita pwita tu, akasema hawa hawatagi kwenye maji, wanazaa vichura vilivyokamilika kabisa. Nilikaa pale hata mbu sikuwasikia.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya msaidizi wake. Alimshika chura mmoja kwa glavu, akamrudisha, akamshika mwingine kwa glavu ileile! Sasa gambuti tumesugua za nini? Ngozi ndo njia yenyewe ya ugonjwa, kila chura glavu yake, au bora msiwashike kabisa, mwanga wa tochi unatutosha. Nilimwambia kiongozi, akapokea vizuri, akasema glavu ziliwaishia.

Mwezi ujao narudi na wanangu, boksi la glavu nishanunua hapa Tanga mjini, nitawakabidhi.